Nilinyamaza Mara Tatu: Kisa cha "Piga Kiki"

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikieleza kisa hiki kwenye semina za walimu wa ushauri na unasihi. Nilikiita kisa cha "mwanafunzi mmoja wa Tanga aliyekaa dawati moja na mwenzake mwenye kigugumizi". Walimu wanaandika, wanauliza, tunabishana kidogo, saa nne tunakwenda chai. Mwanafunzi huyo ni mimi. Mwaka jana nilikwenda kwenye msiba, nikaambiwa maneno machache yaliyouvunja uchambuzi wangu wa siku zote, na tangu hapo sijathubutu kukieleza tena mbele ya watu. Nakiandika upya hapa, safari hii bila kujificha nyuma ya "mwanafunzi mmoja". Shule sitaitaja, wala majina. Wengi wa wahusika wapo hai na wana watoto wanaosoma.

Darasa

Ni mwaka 1996, kidato cha pili, shule ya kutwa mjini Tanga. Tulikuwa 52 darasani. Dawati moja watu wawili, kitabu kimoja watu wawili, na siku nyingine watatu. Mimi na yeye tulikaa pamoja kwa sababu ya ujirani. Kwao na kwetu ni Ngamiani, pale ambapo barabara zinaitwa kwa namba, na kati ya nyumba zetu palikuwa na mtaa mmoja tu. Asubuhi nilimpitia, mchana tulirudi wote, kwa miguu au kwa baiskeli ya kaka yake, mmoja akiendesha na mwingine kwenye keria.

Kigugumizi chake hakikuwa cha kurudiarudia silabi kama wanavyoigiza wachekeshaji. Chake kilikuwa cha kukwama. Neno lilifika mdomoni likagoma kutoka. Shingo ilikakamaa, macho yakafumba, pumzi ikakatika, zikapita sekunde tatu, nne, wakati mwingine kumi, kisha neno likatoka zima kama lililosukumwa na mtu. Maadui zake wakubwa walikuwa K, P na T mwanzoni mwa kauli. Kwa hiyo aliishi kwa kuwakwepa. Hakusema "pesa", alisema "hela". Hakusema "kesho", alisema "siku ya pili yake". Kalamu kwake ilikuwa "hiyo ya kuandikia". Mwalimu wa Kiswahili aliwahi kumsifu mbele yetu kwa insha zenye msamiati mpana, asijue kwamba ule msamiati ulitokana na miaka ya kukimbia. Kisichokwepeka ni jina la mtu. Jina halina kisawe, na lake lilianza kwa herufi mojawapo ya hizo tatu. Akija mwalimu mgeni akisema kila mmoja asimame ajitambulishe, mwenzangu alianza kuloa jasho tangu safu ya kwanza.

Niseme kidogo kuhusu hali yenyewe, maana hata walimu wenzangu huichanganya. Kigugumizi mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5. Watoto wengi kinawaondoka chenyewe. Kwa watu wazima hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Kinahusiana na urithi na namna ubongo unavyoupanga usemi. Woga hukizidisha, lakini hauzai kigugumizi, na akili ya mtu haihusiki hata kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo darasani hakuna aliyelijua, na ndilo lililommaliza. Mtu mwenye kigugumizi kwa kawaida hakwami anapoimba, wala anaposoma kwa pamoja na wenzake. Mwenzangu alikuwa katika kikundi cha kaswida cha madrasa ya mtaani. Ukifika Mfungo Sita, maulidi yakishamiri, alisimama mbele ya halaiki, dufu linalia, akatoa beti baada ya beti bila kujikwaa hata kwa herufi moja. Kina mama walimtunza. Siku ya pili yake darasani anakwama kwenye "Kiswahili". Wenzetu walijumlisha hesabu yao wakapata jawabu: anajifanya. "Mbona kaswida anaimba?" Mwalimu mmoja naye alimwambia waziwazi, "Wewe ukitaka unaweza." Yaani lile jambo moja alilokuwa hodari nalo likageuzwa ushahidi dhidi yake.

"Piga kiki" ilizaliwa muhula wa kwanza. Vijana wa leo wakisikia kiki wanafikiria msanii anayetafuta kuzungumzwa. Kwetu kiki ilikuwa ile ya pikipiki, unaikanyaga mara mbili tatu injini ndipo ikubali. Aliyelitunga alikaa nyuma kabisa, kijana mcheshi, na lazima nikiri kwamba alikuwa na kipaji: mwenzetu akikwama, yeye alikanyaga sakafu na kunguruma kooni, injini isiyowaka. Siku ya kwanza nilicheka. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa anayechekwa na nilicheka.

Siku ya zamu

Kipindi kilikuwa cha Kiswahili, baada ya mapumziko, somo la ufahamu. Tulisoma kwa zamu, aya moja kila mtu, kufuata safu. Wasiokwama hawajui kinachoendelea kichwani mwa anayekwama katika dakika zile. Mwenzangu alikwisha hesabu watu, akahesabu aya, akaipata yake. Ilianza na neno "Majahazi". M haikumsumbua. Niliona kidole chake kikipita juu ya mistari, midomo ikichezacheza, akiyapima maneno. Halafu, kama kawaida yake, akasoma kimyakimya ile dua ya Nabii Musa iliyomo katika sura ya Taha, anapomwomba Mola alifungue fundo la ulimi wake ili watu wayafahamu maneno yake. Tulifundishwa wote chuoni, yaani madrasa. Mimi niliisoma kwa sababu nilitakiwa kuihifadhi, yeye aliisoma kwa sababu aliihitaji.

Msichana mmoja wa safu ya mbele aliombewa ruhusa kwenda ofisini. Aya zikasogea. Ile ya "Majahazi" ikasogea kwa aliyefuata, na yeye akabaki na iliyoitangulia: "Kaskazi inapoanza kuvuma..."

Alisimama. Kitabu tulikuwa tumekishika wote wawili, yeye ukurasa wa kushoto, mimi wa kulia. Akavuta pumzi. K haikutoka. Mwalimu akasema, "Haya, twende, muda." Nyuma mguu ukagonga sakafu. Mara ya pili. Kisha sauti: "Piga kiki!" Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu aligeukia ubao kana kwamba anatafuta chaki. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Nilisoma kwake miaka minne na mengi mazuri nimejifunza kwake. Ila mabega yale yaliliambia darasa jambo ambalo hakuna kanuni ya shule ingeweza kulifuta tena. Alipogeuka alisema, "Kaa. Anayefuata."

Anayefuata nilikuwa mimi.

Nikasimama, nikasoma. "Kaskazi inapoanza kuvuma, mabaharia wa Uarabuni na Bara Hindi..." Nilisoma kwa sauti nzuri, vituo vyote mahali pake. Mwalimu akasema vizuri sana. Kitabu mwenzangu alikuwa bado amekishika upande wa kushoto, ili nipate kusoma.

Uchambuzi wa zamani

Semina zangu zote zilikuwa zinaishia hapa, kwenye kimya cha darasani. Na kimya hiki kina maelezo mengi ya kutosha.

Kwanza kulikuwa na woga wa jina. Shuleni kwetu hakukuwa na tusi kubwa kuliko "mchongezi". Ukimtaja aliyegonga mguu, wewe ndiye unayeondoka na jina jipya. Halafu kuna lugha yetu yenyewe, ambayo inamlea mtu katika kunyamaza tangu akiwa mdogo: mdomo uliponza kichwa, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii ya pili siwezi tena kuitumia darasani kwangu. Kila nikiifikia naona uso wa mtu ambaye ulimi ndio anaojikwaa nao kila siku, na hakuna heri inayomtangulia.

Kisha kuna wingi wa watu. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliwaweka watu kila mmoja chumbani kwake, wakizungumza kwa vipaza sauti, na katikati ya mazungumzo mmoja akasikika kama aliyeshikwa na kifafa. Waliodhani wao peke yao ndio wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Waliodhani wapo wengine wanne wanaosikia, waliotoka walikuwa asilimia 31. Walimu wanaipenda sana takwimu hii, na mimi niliipenda kwa sababu ilinigawia kosa langu kwa watu 52. Lakini haikunihusu sana. Mimi sikuwa mmoja wa umati. Nilikuwa nimeshika nusu ya kitabu.

Takwimu inayonihusu ni ya Kanada. Mwaka 2001 Hawkins, Pepler na Craig walichapisha walichokiona baada ya kuwarekodi watoto wa shule kwa kamera wakiwa uwanjani. Katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu kulikuwa na watoto wengine karibu. Walioingilia kati, ni katika asilimia 19 ya matukio. Na walipoingilia, mara 57 kwa kila 100 uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde 10 ndizo alizokuwa anakwama mwenzangu siku mbaya. Nilikuwa na muda wote uliohitajika.

Nilipokuwa nikiuliza semina, "Mwanafunzi huyu angefanya nini?", majibu yalikuwa ya kishujaa: angesimama akemee, angemtazama mwalimu machoni, angekwenda kwa mwalimu mkuu. Hakuna mtoto wa miaka 15 atakayefanya hayo, na kumdai afanye ni njia nyingine ya kumpa udhuru. Mimi mwenyewe ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kuona kilichokuwa mkononi. Nilijua kwamba akisoma na wenzake hakwami. Nilikuwa nimemsikia mara mia akisoma Yasini katikati ya kundi, sauti inatiririka. Ningesema tu "Kaskazi" kwa sauti ya kawaida na kuendelea, kama watu wawili wanaosoma kitabu kimoja, kwa vyovyote vile angeingia nami. Mwalimu angedhani nimechanganya zamu. Nani angeniita mchongezi kwa kuchanganya zamu?

Njia ya kurudi

Hii sikuwahi kuieleza semina, kwa sababu sikuiona kuwa sehemu ya kisa.

Tulitoka saa nane. Baiskeli haikuwepo siku hiyo, tukatembea. Kuanzia getini mpaka Ngamiani nilizungumza mimi peke yangu, na nilizungumza mpira. Coastal Union walikuwa na mechi Mkwakwani mwisho wa wiki. Nikaeleza nani atacheza, nani kaumia, kiingilio tutakipata wapi, ukuta upi unarukika. Sikuacha nafasi hata ya kupitisha sindano. Yeye alitembea ananisikiliza, anapiga teke kijiwe, anakifuata, anakipiga tena.

Nilijiambia kwamba nampumzisha. Kumkumbusha ni kumtonesha. Watu wengi wazima hufanya hivi hivi kwa nia njema kabisa, na sisi tulio walimu wa unasihi tunalijua hata jina lake kwa wanafunzi: "kumchangamsha". Nikilitazama leo, aliyekuwa anachangamshwa ni mimi. Kelele za mpira zilikuwa za kuziba pengo ambalo ndani yake ningelazimika kusema neno. Hapakuwa na mchongezi njiani. Hapakuwa na mwalimu, wala mguu wa nyuma, wala wale 50 wengine. Udhuru wote nilioutumia darasani uliishia getini, na bado nilinyamaza, tena kwa kusema sana.

Vitumbua

Mama yake alikuwa akikaanga vitumbua asubuhi kwenye baraza yao. Mtaa mzima tulinunua kwake. Wiki mbili hivi baada ya siku ile, mwenzangu alianza kuumwa tumbo. Liliuma siku za Kiswahili na siku za Kiingereza. Siku za hesabu lilipona. Mama si mjinga, aliiona ratiba hiyo.

Asubuhi moja nimesimama na sahani yangu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akageuza vitumbua kimyakimya, akapunguza moto, kisha bila kuninyanyulia macho akauliza, "Baba, hebu nambie. Huko shuleni mwenzio ana nini? Kuna mtu anamfanya kitu?"

Nilikuwa nimejua kwa wiki nzima kwamba ataniuliza. Nikasema, "Hamna neno mama. Wanataniana tu."

Akanihesabia vitumbua vyangu, akaongeza kimoja juu kama alivyozoea.

Naomba tukae hapa kidogo, kwenye neno "wanataniana". Nimelichunguza kuliko neno lolote katika kisa hiki. Kwetu utani ni jambo lenye heshima na kanuni zake. Mnyamwezi na Mzaramo wanatupiana maneno ambayo mtu mwingine angeyasema angepigwa. Mtani anaweza kufanya vituko msibani watu wakacheka katikati ya kilio, na hiyo ni kazi yake inayotambulika. Babu na mjukuu ni watani. Shemeji ni mtani. Katika hao wote kuna sharti lisiloandikwa: anayetaniwa ana zamu yake ya kujibu, na ulimi wa kujibia. Sasa mtu ambaye anachekwa kwa kuwa hawezi kutoa neno, zamu yake ya kujibu ni ipi? Kilichokuwa kinafanyika darasani kwetu kilikuwa upande mmoja tu. Mimi nikakipa kiungo kimoja cha sarufi ambacho hakikuwa nacho. Wanataniana: wao kwa yeye, yeye kwa wao. Kwa silabi ile ya "-na" nilimgeuza mwenzangu kuwa mshiriki.

Na ona vilevile kwamba huku hakukuwa kunyamaza kwa maana ya kutosema. Nilisema. Niliulizwa na mtu mzima anayenipenda, peke yetu, asubuhi tulivu, bila hatari yoyote, nikatoa ushahidi wa uongo kwa sauti ya adabu.

Hakufanya mtihani wa kidato cha pili. Muhula ulipokwisha alikwenda Pangani kwa mjomba wake, na nilisikia anajifunza kuchomelea vyuma. Tuliulizana hali kupitia watu, kisha hata hilo likakoma.

Msibani

Mama wa vitumbua alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Nilipopata habari nilifunga safari kutoka ninakofanya kazi nikawahi khitma. Chini ya turubai nilimtambua kabla sijamwona, kwa sauti: alikuwa akisoma Yasini pamoja na wengine.

Ana karakana yake na vijana wanne. Ana mvi kuliko mimi. Bado anakwama, lakini hakwepi tena. Neno likigoma analingoja pale pale, anakutazama, na wewe unalazimika kungoja naye. Alisema "pesa" mara tatu katika mazungumzo yetu na nikajikuta nahesabu.

Jioni watu walipopungua nikasogea mkekani kwake. Nilikuwa na hotuba yangu nimeitunza miaka mingi. Nikamwomba radhi kwa siku ile.

"Siku ipi?"

Nikaeleza: zamu ya kusoma, kaskazi, kiki, mimi kusoma aya yake. Akafikiri. "Zilikuwa nyingi, kaka. Hiyo siikumbuki." Kisha akatabasamu: "Kiki naikumbuka. Yule bwana nilimchomelea geti lake juzijuzi. Alilipa vizuri."

Anachokumbuka yeye ni mpira. Hakumbuki mechi wala wachezaji. Anakumbuka kwamba siku moja, au siku kadhaa, alitembea nami mpaka kwao akingoja nivute pumzi. "Nilisema, akifika kwenye mwembe ataniuliza. Tukapita mwembe. Nikasema, basi kwenye msikiti."

Mimi nikadhani tumemaliza. Akavunja kijiti cha meno vipande viwili, akavipanga mkekani.

"Mama alikuuliza," akasema. "Aliniambia. Siku hiyo nilikuwa nimeshamweleza yote, usiku wake. Jina wanaloniita, wanavyogonga miguu. Ilinichukua nusu saa kumweleza, maana nilikuwa nalia na unajua nikilia. Akaniambia, ngoja nimuulize mwenzio. Asubuhi akaingia ndani akasema, nimemuuliza, kasema hamna neno, mnataniana. Kumbe wewe unadeka." Akatulia. "Baba akanipeleka mwenyewe mpaka getini wiki nzima. Lakini sikulaumu sana. Ila mimi nilikuwa na shahidi mmoja tu, naye alikuwa ameshaulizwa."

Hili sikulijua. Kwa miaka yote hiyo nilidhani jibu langu la barazani lilikuwa uzembe mdogo, habari ambayo haikufika. Sikujua kwamba kabla yangu mtoto alikuwa amekwisha vunja kimya chake mwenyewe, kwa gharama ninayoweza kuikisia, na kwamba neno langu moja lilikwenda kupimwa na nusu saa yake ya kilio, likashinda. Lilishinda kwa sababu mimi sikukwama nilipolisema.

Kwa hiyo uchambuzi wangu wa semina nimeufuta. Niliweka uzito wote mahali ambapo mtoto ana uwezo mdogo kuliko kote, yaani mbele ya darasa linalocheka na mwalimu anayecheka, nikapuuza sehemu mbili ambapo nilikuwa na uwezo wote. Thomas Gilovich na Victoria Medvec walionyesha mwaka 1994 kwamba kwa muda mfupi watu hujutia zaidi walichokitenda, na miaka ikienda hujutia zaidi ambacho hawakukitenda. Nakubali. Ningeongeza tu kwamba majuto nayo huchagua pa kukaa. Langu lilichagua darasani kwa kuwa pale nilikuwa na wenzangu 50 wa kujuta nao. Barazani nilikuwa peke yangu, na hapo sikulipeleka hata siku moja.

Nikiwa kazini nimebadili machache. Mahudhurio kwangu ni kunyoosha mkono. Kusoma kwa sauti ni wawili wawili, kitabu kimoja, sauti mbili, darasa zima, asijulikane nani anamsaidia nani. Na mzazi akija ananiambia amemuuliza rafiki wa mtoto na rafiki kasema hamna neno, namrudisha kwa mtoto wake kwanza. Rafiki namuuliza mimi mwenyewe, na simuulizi kama kuna neno. Namuuliza ni neno gani.

Jioni ile mkekani sikuwa na la kusema. Nikasema tu, "Nilimdanganya mama yako. Alinipa na kitumbua cha ziada."

Akanitazama. Akafungua mdomo, shingo ikakaza. Ilikuwa K. Macho yakafumba, zikapita sekunde nne, tano, saba. Kichwani mwangu yalipita maneno yote yanayoanza na K ambayo mtu anaweza kuambiwa mahali kama pale, mabaya kwa mazuri. Utoto wote nilikuwa nikimmalizia maneno. Safari hii niliuma ulimi nikangoja.

"Ka... karibu kula," akasema. "Wali unapoa."